Swali la lugha: Panya tasa au vizimba vilivyotakaswa?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa wahudumu wa panya wa utafiti. Kiingereza kinatumia neno moja, "sterile", kwa vizimba, maranda, maji na glavu, na neno hilohilo kwa madume fulani ya panya. Mwenzangu ameandika "tasa" kila mahali. Je, yuko sahihi? Na kusafisha, kupukusa na kutakasa vinatofautianaje?

JIBU: "Tasa" iachie madume peke yao. Tasa ni asiyezaa, na ndivyo mhudumu atakavyoelewa akisoma "panya tasa" kwenye kadi ya kizimba. Utaikuta "glavu tasa" katika baadhi ya tafsiri za tiba, na hospitalini huenda isilete madhara. Katika nyumba ya panya italeta, kwa sababu humo madume tasa wapo kweli. Koloni, yaani kundi la panya wanaofugwa pamoja, likiingiliwa na maradhi, njia mojawapo ya kulirudisha katika afya ni kuosha viinitete na kuvipandikiza kwa jike mwenye afya. Jike huyo huandaliwa kwa kupandishwa na dume aliyekatwa mirija ya manii, ili mwili wake ujiweke katika hali ya mimba. Dume huyo ndiye tasa. Kizimba alimowekwa kimetakaswa. Ukitumia neno moja kwa vyote viwili, aya nzima ya kazi hiyo haitasomeka.

Vitenzi vitatu ulivyouliza ni kazi tatu tofauti, na mwongozo usivibadilishane kwa ajili ya kupamba lugha. Kusafisha ni kuondoa uchafu: mkojo, kinyesi, mabaki ya chakula. Kupukusa ni kuua vijidudu vingi kwa dawa, lakini si lazima vyote. Kutakasa ni kuua vyote, pamoja na spora za bakteria, yaani bakteria waliojifungia ndani ya ganda gumu, ambazo ndizo sugu kuliko vingine. Mpangilio nao ni huohuo: kisichosafishwa hakipukusiki vizuri, maana uchafu huizuia dawa isiguse kijidudu.

Ugumu uko kwenye "takasa". Tangu 2020, vitakasa mikono vimeizoesha jamii kwamba kupaka alkoholi ni kutakasa. Alkoholi ya asilimia 70 haiui spora. Tena ni dhaifu kwa mayai ya minyoo ya panya na kwa norovirusi ya panya, na hukauka upesi kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo katika mwongozo wako usiandike "takasa glavu kwa alkoholi". Andika "pukusa glavu", na ile chupa iite kipukusi. Ukurasa wa kwanza uweke maana za vitenzi hivi vitatu, kwa sababu msomaji ataingia na maana ya mtaani.

Sasa lebo, ambako makosa ya lugha huonekana mapema zaidi. Neno "SAFI" halifai kabisa. Kizimba kilichotoka kwenye mashine ya kuoshea, hata kama kimesuuzwa kwa maji ya nyuzi 82 za Selsiasi, kinang'aa sawasawa na kilichotoka kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wa shinikizo), lakini hicho cha kwanza bado kinaweza kuwa na spora. Andika VILIVYOOSHWA na VILIVYOTAKASWA. Jihadhari pia na "maranda ya kutakaswa": hayo ni maranda yanayosubiri kuingizwa, na mhudumu mwenye haraka ataisoma kama "yaliyotakaswa".

Kiswahili kina tofauti moja nyingine ya thamani kubwa hapa, nayo ni kati ya "vimetakaswa" na "vimetakasika". Umbo la kwanza linasema kazi imefanyika: mzigo umekaa, tuseme, dakika 15 kwenye mvuke wa nyuzi 121. Umbo la pili linasema matokeo yamepatikana. Mizigo mingi hutakaswa isitakasike. Maranda yakishindiliwa kwenye mfuko mkubwa, hewa hunaswa katikati na mvuke haufiki. Chupa ya maji ikikazwa kifuniko nayo huleta shida, mbali na hatari ya kupasuka. Mkanda wa otoklevu ukigeuka rangi umethibitisha tu kwamba ulipata joto pale ulipobandikwa, yaani nje. Kinachothibitisha kutakasika ni kipimo cha spora za Geobacillus stearothermophilus kilichozikwa katikati ya mzigo, kisha kikaatamizwa kwenye nyuzi 55 hadi 60. Zikiota, mzigo haukutakasika, na dawa yake ni kupunguza shehena au kurefusha muda. Ningependa sana kuona daftari la otoklevu lenye safu mbili: "Umetakaswa saa ngapi" na "Umetakasika? Ndiyo/Hapana".

Panya mwenyewe hatakaswi. Utumbo wake umejaa bakteria anaowahitaji. Aliyepimwa akakutwa hana maradhi fulani mwite "panya asiye na vimelea vilivyoorodheshwa", na orodha iambatishwe, maana bila orodha jina hilo halisemi kitu. "Panya asiye na kijidudu chochote" ni yule anayefugwa ndani ya hema lililozibwa, na kila kinachoingia humo kimetakaswa kwanza. Kwa wengine wote, kitenzi ni "kinga".

Sentensi ya kazi basi iwe hivi: "Pukusa glavu. Ndani ya kabati la hewa iliyochujwa, fungua kizimba kilichotakaswa, hamishia panya humo, funika. Pukusa glavu tena kabla ya kugusa kizimba kinachofuata." Amri fupi za moja kwa moja zinafaa kuliko "vizimba vinapaswa kufunguliwa", kwa kuwa hiyo haisemi nani afungue wala lini.

Kuhusu upatanisho: "bakteria" andika kwa a-/wa- (bakteria wamekufa), "virusi" kwa vi- (virusi vimekufa). "Vijidudu" huandikwa kwa namna zote mbili. Mimi hutumia vi-, ila ukichagua nyingine, ishike hadi ukurasa wa mwisho.