Roketi Inayoachana Angani: Maswali ya Wasomaji

Klabu yetu ya sayansi inarusha roketi ya maji ya chupa ya soda ya lita 2, ile inayoruka kwa maji yanayosukumwa nje na hewa iliyopampwa. Kupanda inapanda vizuri, lakini kushuka ni mkuki: pua inajichimbia ardhini na chupa inapasuka. Parachuti ya kavera (mfuko wa plastiki) imekwama mara nyingi kuliko ilivyofunguka. Je, roketi inaweza kuachana huko juu, kila kipande kikashuka kikizunguka? Kifyatuo na pampu yenye geji tunavyo.
*Mwalimu wa fizikia, Mbale*

Inawezekana, Mwalimu, na kwa uwanja wa shule ni njia nzuri kuliko parachuti, kwa sababu bawa halina kamba za kujisokota. Kwanza tuseme kwa nini inashuka kama mkuki. Uzito mmeuweka puani na mapezi yako mkiani, kwa hiyo hewa inausukuma mkia nyuma popote roketi inapoelekea, iwe juu au chini. Kile kinachoinyoosha wakati wa kupanda ndicho kinachoichimbia ardhini. Ondoa pua yenye uzito, na chupa iliyobaki inapoteza mwelekeo na kuanguka kwa ubavu. Hesabu ya chupa ya gramu 105 inayoanguka kwa ubavu inatoa karibu mita 7 kwa sekunde. Ikizungushwa na mabawa yenye nusu kipenyo cha sentimita 30, hata tukikadiria kwa uchoyo, inashuka mita 3 hadi 4 kwa sekunde.

Mfano wa pua mnao msituni. Okota mbegu ya mahogani: kichwa kizito upande mmoja, bawa moja jembamba upande wa pili. Irushe juu, itajizungusha yenyewe. Pua yenu itakuwa mbegu hiyo. Chupa itakuwa pangaboi la mabawa mawili.

Mtahitaji chupa tatu za soda za aina moja. Moja ya kujaza presha, na hiyo isiguswe na gundi wala kisu. Mbili ni za kukata. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazikuundwa kubeba gesi, msizitumie. Mabawa na mapezi yatoke kwenye bodi ya plastiki yenye mifereji ndani, ile ya mabango, unene wa milimita 3. Walio Kampala wataomba mabaki kwa wachapaji wa Nasser Road. Boksi la karatasi linafaa likifunikwa lote kwa selotepu, maana maji yatalifikia. Kwa vyovyote vile, mifereji ifuate urefu wa bawa. Ikikata upana, bawa litakunjika siku ya kwanza.

Kata pete ya upana wa sentimita 10 kwenye chupa ya pili, ipasue, ivishe upande wa mdomo wa chupa ya presha, ndio mkia wa roketi, na uifunge kwa tepu. Mapezi na bawaba zote zinakaa juu ya pete hii. Sababu ni kwamba gundi ya moto na ile ya kukauka mara moja zinaidhoofisha plastiki ya chupa, nayo hupasuka hapo hapo ilipogundishwa. Weka mapezi 4, kila moja sentimita 8 kwa 7, kwa umbali ulio sawa. Msiyaongeze ukubwa mkidhani ni usalama: chupa ikianza kuzunguka, mapezi yanageuka makasia na kuivunja kasi.

Katikati ya mapezi, pande mbili zinazotazamana, tia mabawa mawili ya sentimita 28 kwa 5. Bawaba iko mkiani na ncha inaelekea puani. Bawaba ni kipande cha turubai au jinzi cha sentimita 5 kwa 4 kilichogundishwa pande zote mbili, si tepu peke yake. Rababendi nyembamba inayavuta mabawa yafunguke, na uzi wa nailoni unayazuia yasipite kiasi. Yakifunguka, mdomo wa chupa utatazama juu na kitako chini, kinyume cha ilivyoondoka, na ncha za mabawa ziwe zimeinuka nyuzi 10 hivi juu ya mlalo. Bandika gramu 15 za plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) nje ya kitako ili uzito ukae chini ya mabawa. Bila hiyo chupa itapinduka.

Sasa mwinamo, ambao ndio roho ya kazi. Shika chupa kama inavyoshuka, mdomo juu, kisha uamue itazungukia upande gani. Ukingo wa mbele wa kila bawa ushuke milimita 7 chini ya ukingo wa nyuma. Fanya hivyo kwa kuegemeza bawaba kwenye kabari ya bodi. Mwinamo wa milimita 15 utaanza kuzunguka haraka lakini chupa itashuka kwa kasi. Bawa bapa kabisa linaweza lisianze.

Pua ni theluthi ya juu ya chupa ya tatu. Kata shingo, ziba kwa sponji, kisha pasua upande mmoja na uongeze ukanda wa plastiki ili mzunguko upanuke kwa sentimita 2, maana inabidi ivae chupa pamoja na ncha za mabawa mawili. Mvao uwe sentimita 4, ncha ziingie sentimita 2. Ndani weka gramu 40 za plastisini, zikandamizwe upande ule bawa la pua litakapokuwa. Jiwe au chuma kisiingie humo kamwe. Bawa hilo, sentimita 30 kwa 6, linashuka kando ya chupa katikati ya mapezi mawili, halina bawaba, na ncha yake inachomekwa kwenye mfuko wa tepu uliolegea. Gundisha kijiti cha mchomo, kile cha kuchomea nyama, kwenye ukingo wake wa mbele: bila ukingo mzito bawa linapeperuka kama jani badala ya kuzunguka. Upande wa pili wa chupa bandika ukanda bubu, wa kusawazisha tu, wa vipimo hivyo hivyo, la sivyo roketi itapanda ikiinama.

Kabla ya kurusha, angusheni kila kipande peke yake kutoka ghorofani, mita 6 hivi, huku mmoja akirekodi kwa simu. Mzunguko uanze ndani ya mita 2 za kwanza. Muda wa kufika chini ukikaribia sekunde 2, mmefaulu. Ukiwa sekunde 1.2, kimeanguka tu. Pua ikizunguka huku imesimama wima, punguzeni plastisini gramu 5 kwa 5. Kisha unganisheni roketi nzima ikiwa tupu, ifungeni kamba pale inapokaa sawa kwenye mizani, na muizungushe juu ya kichwa. Pua itangulie. Ikitangulia mkia, msirushe.

Nini kinaachanisha pua na chupa? Yetu inaachana mara tu maji yanapokwisha, roketi ikiwa bado chini.
*Wanafunzi wa sekondari, Jinja*

Vijana, pua yenu imevaa kwa msuguano tu, na msuguano hautoshi. Maji hutoka chini ya nusu sekunde. Wakati huo pua inakandamizwa kwenye chupa. Yakiisha, chupa ni nyepesi na ina mapezi, hewa inaikaba. Pua ni nzito, inataka kuendelea. Inachomoka.

Dawa yake ni kidude cha kukaza kwa ufunguo, kile kilicho ndani ya vikaragosi vya plastiki vinavyotembea. Nunueni kimoja sokoni, toeni mashine yake nzima, kisha gundisheni kijiti cha sentimita 3 kwenye ekseli. Mashine inakaa ubavuni mwa pua. Rababendi imara inaanzia kwenye pete upande mmoja, inapita juu ya pua na kunaswa na kijiti upande wa pili. Kijiti kikigeuka nusu mzunguko, rababendi inachomoka. Kati ya pua na kitako cha chupa bana sponji ya kuoshea vyombo yenye unene wa sentimita 3 mpaka ifike nusu. Hiyo ndiyo inayoisukuma pua.

Mashine isianze kabla ya safari. Chomekeni pini kwenye gurudumu lake, na pini ifungwe uzi wa nusu mita kwenye kifyatuo. Roketi ikiruka, pini inabaki.

Muda msikisie. Rusheni kwanza bila kufungua chochote, kwa chupa ya zamani yenye uzito ule ule, na mhesabu kwenye video sekunde tangu kuondoka hadi kilele. Jaribuni mashine mezani mara 10. Ikitofautiana zaidi ya nusu sekunde, tupeni, nunueni nyingine. Kukosea kwa kuchelewa ni kubaya kuliko kuwahi: sekunde moja baada ya kilele roketi tayari inashuka karibu mita 10 kwa sekunde, na mabawa yakifunguka kwenye kasi inayozidi hapo, bawaba zinang'oka.

Kosa la upande wa pili ni pua kugoma kutoka. Mara nyingi rababendi za mabawa ni kali mno, zinazibana ncha kwenye ukuta wa pua. Wekeni nyembamba, na mpake ncha unga kidogo wa talkamu.

Presha kiasi gani, na maji kiasi gani?
*Msomaji, Gulu*

Maji theluthi moja: mililita 650 hivi kwa chupa ya lita 2. Presha isizidi bar 5, na bar 4 inatosha kwa mazoezi. Kila chupa mpya ijaribiwe ikiwa imejaa maji hadi mdomoni, bila hewa, kwa bar 7, watu wakiwa mbali. Ikipasuka hivyo inamwaga maji tu, hairushi vipande. Mpiga pampu asimame mita 8 au zaidi kwa mpira mrefu, na kifyatuo kivutwe kwa kamba. Chupa ikianza kuwa na michirizi meupe, kazi yake imekwisha. Rusheni asubuhi kabla upepo haujaamka, na msirushe karibu na uwanja wa ndege.

Binamu yangu aliye Marekani anaweza kuniletea injini za baruti zilizoandikwa C6-5. Hazifai zaidi?
*Msomaji, Arua*

Kwa kuachanisha ni rahisi zaidi, kweli. C ni msukumo wa jumla unaozidi 5 hadi 10 kwa nyutoni-sekunde, 6 ni nguvu ya wastani kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kungoja kabla baruti ndogo ya mbele haijalipuka na kuitoa pua. Hiyo inachukua kazi yote ya mashine ya ufunguo tuliyoieleza hapo juu. Lakini kisheria ni vilipuzi. Haipandi ndege kwenye begi, haipiti posta, na kuiingiza Uganda bila kibali ni kujitafutia kesi. Mwambie binamu asijaribu. Na usitengeneze yako jikoni: mchanganyiko wa kujitengenezea hauna namna ya kujua utawaka au utalipuka.

Sisi tuko Kabale, juu milimani. Mabawa yawe makubwa?
*Msomaji, Kabale*

Hapana. Hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Kampala kwa asilimia 7 hivi, na hilo linaongeza kasi ya kushuka kwa asilimia 3 au 4 tu. Shida yenu ni miteremko: pua na chupa hazitui mahali pamoja, kwa hiyo wekeni watu wawili wa kutazama, kila mmoja na kipande chake, na yapakeni mabawa rangi ya machungwa, maana kijani hamtakiona kwenye shamba la viazi.