Anza na Pweza, Dinosauri Atafuata

Likizo ya Agosti wapwa zangu watatu walikuja kwangu Malindi, na siku ya pili simu yangu haikuwa yangu tena. Nikanunua manila, nikakata kadi arubaini, nikazijaza dinosauri: uzani, urefu, mbio. Mwenye namba kubwa anachukua kadi ya mwenzake. Mchezo haukufika jioni.

Uzani wa dinosauri hukisiwa kutokana na mifupa, na kila mtaalamu ana kisio lake. Yule wa miaka kumi alitafuta kwenye simu, akapata tani nyingine kabisa. "Mjomba, umetuongopea!" Kisha akaniumbua zaidi: yule mwenye mbawa za ngozi, niliyemchora kwa madaha, si dinosauri, ni jamaa yao tu. Dinosauri ni kuku anayechakura uani, maana ndege wametoka katika ukoo huo. Nilikwenda kuhakikisha. Kweli.

Basi nikageuza kadi kuwa vitendawili, mchezo ambao mtoto wa huku hahitaji kufundishwa. Kila kadi ina dokezo tatu, gumu kwanza. Wakishindwa zote, msomaji anadai mji: nipe Mambrui, nipe Gede. Mwenye miji mingi ndiye mshindi.

Kazi iko kwenye kupanga madokezo. La kwanza liwashangaze, la mwisho liwe la mtaani. Kadi yangu bora ni hii: "Nina mioyo mitatu. Damu yangu ni ya buluu. Jioni nauzwa supu." Kufika la tatu wote wanapiga kelele. Ya twiga niliiharibu kwa kuanza na shingo ndefu, nani asijue? Sasa inaanza: "Mwaka 1415 nilitolewa Malindi, nikawa zawadi kwa mfalme wa Uchina." Halafu: "Shingoni nina mifupa saba, sawa na wewe." Hapo watoto hushika shingo zao na kuanza kuhesabu.

Usiandike "mkubwa kuliko wote duniani." Kesho watachimbua mwingine, na kadi yako itakuwa ya uongo. Andika kile kinachopimika. Kule Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimbisha mifupa kuanzia 1909 hadi 1913, na wenyeji wakaibeba mabegani hadi bandarini. Mmoja wa dinosauri hao amesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Mita hizo hazikumgusa mtoto yeyote mpaka nilipowatoa nje nikawaonyesha mnazi wa jirani.

Ukitaka kadi ya kuwashinda hata wazazi, mtafute samaki aitwaye silakanti. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, wakadhani alipotea pamoja na dinosauri, hadi alipovuliwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mwingine akanaswa hapa hapa, bahari ya Malindi! Kadi hiyo imenipa miji mingi kuliko zote, na wapwa zangu wanaona ni dhuluma.

La mwisho ni la mkono: zifunike kadi kwa selotepu pande zote mbili, maana hewa ya bahari huilegeza manila kwa siku chache. Mimi sikufanya hivyo. Tulichezea kando ya muuza supu, na leo naandika upya kadi ya pweza.