Kwa mnaoanza kasualti: yale niliyojifunza wakati wa kafyu

Mkifika kasualti, yaani chumba cha dharura hospitalini, mtaambiwa kwamba majeruhi ni wa boda boda. Siku nyingi ni kweli. Nami nilikuwa nimezoea hivyo huku Kisumu, hadi Machi 2020 tulipowekewa kafyu ya korona ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Baa zikafungwa, shule zikafungwa, na wale wateja wetu wa Jumamosi usiku wakapungua. Tukaanza kunywa chai ikiwa bado moto. Kumbe majeraha yalikuwa yamehamia nyumbani.

Watoto ndio waliotangulia. Wengi wao hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na mtoto asiye na shule atapanda mti tu. Namkumbuka mvulana mmoja aliyeletwa asubuhi na mapema, kiwiko kimevimba, mkono umefungwa kwa vijiti na kamba za mgomba, kazi ya fundi wa mifupa wa kijijini. Alikuwa ameanguka kutoka mwembeni jioni iliyotangulia. Mamake aliogopa polisi njiani, akaogopa na hospitali pia, kwa sababu majirani walimwambia ukiingia huko unapelekwa karantini. Vidole vya mtoto vilikuwa baridi. Nilizikata zile kamba kabla ya maswali mengine yote, hata eksirei ikangoja. Nanyi fanyeni hivyo: gusa vidole, tafuta mpigo wa damu penye kifundo cha mkono, muulize kama anahisi ukimgusa. Mkono uliovunjika karibu na kiwiko unaweza kukosa damu wewe ukiwa bado unajaza fomu.

Kosa langu lilikuwa kwenye rejista. Nilikuwa naandika saa ya kufika peke yake. Sasa mtu aliyevunjika mguu saa mbili usiku, mfupa ukatokeza nje, akalala nao hadi kafyu iishe, kwenye kitabu changu alionekana ameumia asubuhi ile. Huyo hapangi foleni: antibiotiki na sindano ya pepopunda kwanza. Andikeni saa ya kuumia, saa ya kufika, na mahali: jikoni, shambani, barabarani. Akija mtu wa takwimu kusema majeruhi walipungua mwaka ule, muulizeni kama walipungua au walishindwa kufika.

Za kuungua sitasema mengi. Sufuria ya uji na watoto wanne kwenye chumba kimoja, mnajua. Maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini, na dawa ya meno ibaki ya meno.

Juni 2021 kaunti 13 za upande wetu zilirudishwa kwenye kafyu ya saa moja, na safari hiyo nilikuwa macho kwa jambo moja: kigasha kilichovunjika katikati, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho peke yake. Mara nyingi huo ni mkono ulioinuliwa kukinga pigo. Kwa kijana aliyechelewa kufunga kibanda chake, pigo lilikuwa la rungu. Kwa mwanamke aliyeandikwa "ameteleza bafuni", usiulize mumewe akiwa amesimama pale. Mtume huyo mume akalipie kadi, funga pazia, kaa chini, ndipo umuulize. Akinyamaza, mwandikie 1195, nambari ya simu ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, kwenye kipande kidogo cha karatasi, kinachoweza kufichwa ndani ya bandeji.