Majirani hawataki nyumba yako ipangishwe: maswali na majibu

Barua za wenye nyumba zinazidi kutufikia kuhusu jambo moja: nyumba ipo, wapangaji wapo, lakini mtaa hautaki. Tumechagua maswali sita.

*Nimetengeneza nyumba ya pili ili niipangishe. Mpangaji bado hajaingia, na tayari majirani watatu wamenisimamisha njiani kunieleza kuwa hawataki. Nianzie wapi?*

Anza na karatasi zako kabla hujabisha hodi kwa mtu. Soma hati ya nyumba na masharti yake, kanuni za chama cha wakazi kama kipo, na masharti ya kibali cha halmashauri. Tafuta mambo matatu: kama nyumba ni ya makazi tu, kama kuna kikomo cha idadi ya watu, na kama kuna muda wa chini wa kupangisha. Sehemu nyingi mpaka kati ya mpangaji na mgeni wa muda mfupi ni siku 30. Ukikuta sharti linalokukataza, jirani yuko sahihi, na hakuna maneno matamu yatakayolibadilisha.

Karatasi zikiwa safi, watembelee mmoja mmoja, mchana, robo saa inatosha. Usiitishe mkutano, maana kwenye mkutano mwenye sauti kubwa ndiye anayewasemea wote, na waliokuwa na swali dogo wanaondoka na hasira isiyo yao. Uliza, "Hasa ni kitu gani kinakutia wasiwasi?" kisha nyamaza uandike. Mara nyingi utasikia kelele, magari, taka, watu wasiojulikana, au thamani ya nyumba kushuka. Matatu ya kwanza yana dawa. La nne hupungua jirani akimjua mtu wa kumpigia simu. La tano huwezi kulitolea ahadi, ila unaweza kuhakikisha rangi, uzio na majani ya nyumba yako havijawa vibaya kuliko vya wengine.

Mwachie karatasi moja yenye jina na simu ya msimamizi, simu ya usiku kama ni tofauti, idadi ya juu ya watu na ya magari, na saa za utulivu. Jina la mpangaji lisiwemo. Wala usimwahidi kwamba utaleta "familia tulivu tu" au watu wa aina fulani. Ahadi hiyo itakushinda, na katika nchi nyingi kumkataa mtu kwa dini, asili au hali ya familia yake ni kosa la kisheria.

*Jirani anasema muziki unamkosesha usingizi. Mpangaji anaapa kwamba sauti ni ya chini. Nimwamini nani?*

Inawezekana wote wanasema kweli. Sauti nyembamba huzuiliwa na ukuta, lakini besi hupita. Aliye sebuleni anasikia wimbo wa kawaida, na aliye upande wa pili anasikia dundo peke yake, ambalo linachosha kuliko wimbo mzima.

Pima badala ya kubishana. Omba ruhusa ya kusimama chumbani kwa jirani, saa ileile anayolalamikia, madirisha yakiwa yamefungwa, huku muziki ukipigwa kwa kiwango ambacho mpangaji mwenyewe anakiita cha chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Programu ya simu ya kupima sauti inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa, kwa hiyo itumie kulinganisha kabla na baada ya marekebisho, isiwe ushahidi wa mwisho.

Kisha rekebisha ukianza na yasiyo na gharama kubwa. Ondoa spika kwenye ukuta unaopakana na jirani, iinue kutoka sakafuni na uiwekee mpira mnene chini, halafu punguza besi kwenye mipangilio. Ziba nafasi chini na pembeni mwa mlango kwa mpira, kwa sababu hewa inapopita, sauti nayo inapita. Wakikaa nje, sogeza meza mbali na uzio. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Meza ikitoka mita 3 hadi mita 12 umepunguza kama desibeli 12, na punguzo la desibeli 10 pekee sikio hulisikia kama nusu ya sauti. Zile sponji za kubandika ukutani usizinunue kwa kazi hii. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti kutoka. Kinachozuia ni uzito wa ukuta na kuziba mianya.

Kagua pia geti. Baadhi ya malalamiko ya usiku chanzo chake ni chuma kugonga chuma. Grisi kwenye bawaba na kipande cha mpira mahali geti linapogonga humaliza habari hiyo kwa siku moja.

*Napangisha kwa wageni wa siku chache. Kila mwisho wa wiki simu ya jirani inaita.*

Tatizo lako linaanzia kwenye nafasi unazouza. Weka usiku 2 kuwa wa chini kabisa mwisho wa wiki, kwa kuwa anayetaka mahali pa sherehe mara nyingi hutafuta usiku mmoja. Idadi ya wageni ilingane na vitanda, na ya magari ilingane na maegesho ya ndani, si ya barabarani. Mgeni aone masharti hayo kabla ya kulipa, uyarudie siku ya kufika, na uyabandike kwenye mlango wa kutokea uani. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, ilipiga marufuku sherehe moja kwa moja mwaka 2022, hivyo kama unatumia mtandao huo, sharti lako la kukataza sherehe lina wa kuliunga mkono.

Jirani akipiga simu, mgeni apigiwe mara moja, na ndani ya nusu saa mtu awe amefika getini kama sauti haijashuka. Kuhusu taka, mgeni anaondoka Jumapili na gari la taka huenda linapita Jumatano. Nunua pipa lenye mfuniko la lita 240 na mpe msafishaji kazi ya kulitoa na kulirudisha. Usiyapuuze haya. Jijini New York, tangu mwaka 2023 sheria ya usajili inasimamiwa kwa ukali: anayepokea wageni kwa chini ya siku 30 sharti awepo nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Malalamiko ya majirani yalikuwa sehemu ya msukumo wa sheria za namna hiyo.

*Jirani anataka nimwonyeshe mkataba ili ajue nani anaishi pale.*

Mkatalie kwa heshima. Mkataba ni wako na mpangaji. Mpe simu ya msimamizi, basi.

*Wananitaka nimfukuze mpangaji, la sivyo watapeleka barua yenye sahihi kwa halmashauri.*

Usiahidi kufukuza. Omba malalamiko kwa maandishi: tarehe, saa, kilichotokea, kilidumu muda gani. Fungua daftari lenye safu hizohizo, ongeza saa uliyojibu na ulichofanya. Barua ikifika halmashauri, omba nakala na ujibu hoja kwa hoja ukiambatisha kurasa za daftari. Mwenye kumbukumbu za miezi mitatu anasikilizwa tofauti na anayesema "mimi sina shida na mtu".

Kwa mpangaji, thibitisha kwanza kwa chanzo cha pili. Mtoto kulia au mtu kutembea si kosa. Kama kosa lipo, toa onyo la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba na muda wa kujirekebisha, kisha notisi kwa utaratibu wa sheria ya mahali pako. Usikate maji wala umeme. Ukifanya hivyo, mkosaji unakuwa wewe. Wengi hukwama hapa kwa sababu mkataba unasema tu "mpangaji awe mstaarabu", na ustaarabu haupimiki. Andika hivi: "Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, muziki usisikike ndani ya nyumba ya jirani madirisha yakiwa yamefungwa."

*Taa na kamera za nyumba yangu zimezua ugomvi mpya.*

Inamisha taa itazame chini, uiwekee kihisi cha kuwaka kwa dakika 1 au 2 tu mtu anapopita, na chagua balbu yenye mwanga wa manjano, kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kamera ione geti na uwanja wako. Sehemu ya picha inayoangukia dirisha la jirani izibwe kwenye mipangilio, na kurekodi sauti kuzimwe. Kisha mwalike jirani aitazame picha yenyewe kwenye simu yako.