Maji Yakivutwa Kupita Kiasi, Ardhi Hutitia

SWALI: Visima virefu vya umwagiliaji vinaongezeka eneo letu, na pampu tunazidi kuzishusha. Je, ardhi inaweza kutitia? Ni kweli pia kwamba kuvuta maji huleta tetemeko?

JIBU: Kutitia inaweza, hasa kama chini kuna matabaka manene ya udongo wa mfinyanzi. Maji yaliyo kati ya chembe za udongo hubeba sehemu ya uzito ulio juu yake. Kiwango chake kikishuka mita 10, chembe hizo huongezewa mzigo wa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Mchanga hubanwa kidogo, na maji yakirudi hufumuka. Mfinyanzi ukishabanwa kupita mzigo uliowahi kuubeba, haufumuki tena: nafasi ya kuhifadhi maji imepotea moja kwa moja, hata mvua zinyeshe vipi. Katika bonde la San Joaquin, Marekani, ardhi ilishuka takriban mita 9 kati ya 1925 na 1977.

Kuhusu tetemeko, jibu linahitaji uangalifu. Nguvu inayolisababisha hulimbikizwa na mwendo wa miamba yenyewe. Kuondoa maji mengi hupunguza uzito ulioukandamiza ufa wa miamba, na ufa uliokuwa karibu kuteleza unaweza kuteleza mapema. Mfano unaotajwa sana ni Lorca, Hispania, Mei 2011: tetemeko la ukubwa wa 5.1 liliua watu 9. Watafiti walilihusisha na bonde la jirani, ambako maji yalikuwa yameshuka takriban mita 250 tangu miaka ya 1960. Pasipo na ufa ulio tayari kuteleza, hofu yenu kubwa iwe kutitia.

Anzeni kupima sasa, msisubiri nyufa. Zimeni pampu usiku kucha, pamoja na za majirani wa karibu, kisha asubuhi shusheni tepu yenye uzito nchani. Andikeni kina, na rudieni mwezi uleule kila mwaka. Pimeni pia urefu wa bomba la kisima lililo juu ya ardhi. Bomba likionekana kuchomoza, au zege linalolizunguka likabaki na uwazi chini yake, huenda ardhi ndiyo inayoshuka. Bomba likipinda na maji yakaanza kutoka na mchanga, simamisheni uvutaji. Kushusha pampu zaidi kutaongeza mzigo kwenye mfinyanzi uleule.