Vali ya tangi la choo cha gari la kuishi inapovuja

Ndugu yangu, nimekuelewa: kila ukifungua kifuniko cha bomba la kumwagia, maji machafu yanakutoka miguuni ingawa mpini wa vali umesukumwa hadi mwisho. Mara nyingi chanzo ni karatasi ya chooni iliyonasa kwenye mfereji wa bamba (kipande bapa kinachoteleza ndani ya vali kuziba njia), ikalizuia lisifunge sawasawa. Mwaga tangi lote katika kituo cha maji taka, lisuuze, kisha ufungue na kufunga vali mara kadhaa maji yakipita. Ikiendelea kuvuja, fungua boliti nne zinazoshikilia vali ubadilishe mipira yote miwili ya kuzuia uvujaji, iliyo pande zake mbili. Mimi nilibadilisha mmoja, na wiki iliyofuata nikaukuta wa pili umekunjika ukingo. Vaa glavu na miwani, kwani uchafu huo huambukiza maradhi. Ukiona ufa kwenye tangi lenyewe, mwite fundi.