Maswali Yenu: Mbona Mguu wa Thompson Ulitangulia?

Meseji zimejaa na karibu zote ni za Olimpiki. Paris 2024 ilishaisha ila ubishi wake haujaisha kabisa, watu wanaanza kuitazama Los Angeles 2028 huku bado wana vinyongo vya Paris moyoni. Nimechukua yale yanayorudiwa sana, maswali nimeyaacha kama mlivyoyaandika, nimepunguza urefu tu.

Dada mhariri mambo, naomba unitoe kwenye huu ubishi maana mimi na ndugu yangu tumefika mahali hatusalimiani. Ile fainali ya mita 100 wanaume nimeisimamisha video mara nyingi tu, mguu wa Kishane Thompson ushavuka mstari, wa Noah Lyles bado uko nyuma. Sasa dhahabu kapewaje Lyles? Mi naona pale kuna kitu kilifanyika. — Mshabiki wa mbio fupi

Poa kaka, kwanza msalimieni na nduguyo. Macho yako hayajakudanganya, mguu wa Thompson kweli ulitangulia, ila mguu hauhesabiwi. Riadha wanaangalia kiwiliwili tu, kichwa hakimo, shingo haimo, mikono na miguu ndo kabisa haimo, kwa hiyo anayefikisha kifua kwanza kwenye mstari ndo kashinda hata kama miguu yake yote miwili bado iko nyuma. Lyles aliinamisha kifua kwa wakati mzuri mno akapata 9.784, Thompson 9.789, kwenye ubao wote wakasomeka 9.79 na ndo hapo watu wengi walipochanganyikiwa.

Halafu hiyo video unayoisimamisha ni ya kamera ya TV, ile ya majaji ni kitu kingine. Kamera yao inakodolea ule mstari wa kumalizia tu, haiangalii kitu kingine chochote, na pale Paris ilikuwa na uwezo wa kupiga picha hadi 40,000 kwa sekunde, kisha picha zote zinaunganishwa zikaonyesha kila mtu kifua chake kiligusa mstari saa ngapi. Kwa hiyo hakuna kitu kilichofanyika pale, ni sheria ambayo watangazaji wengi hawaielezi mpaka ubishi uwake.

Na naomba tusiipunje ile mbio kwa ajili ya ubishi! Wote 8 walimaliza chini ya sekunde 10, wa mwisho Oblique Seville alikimbia 9.91, Akani Simbine alikimbia 9.82 akaondoka bila medali, na huyo Lyles mwenyewe pale mita 30 alikuwa wa mwisho. Siku chache baadaye Emmanuel Wanyonyi, kijana wa miaka 20, anachukua dhahabu ya mita 800 kwa 1:41.19 na Marco Arop 1:41.20. Mwaka 2025 kwenye mashindano ya dunia Tokyo hadi marathoni ikaamuliwa kwa picha, Alphonce Simbu na Amanal Petros wote 2:09:48, Simbu mbele kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mimi ile niliirudia nikiwa nimeshika kichwa.

Shikamoo dada. Mimi nakimbia mita 5000 shuleni na Faith Kipyegon ndo naemuangalia. Ile siku ya fainali aliposhika nafasi ya pili, mara tukaambiwa kaenguliwa, mara karudishwa, mimi nililia mara mbili usiku mmoja. Hivi majaji wanaweza kubadilisha hivyo kirahisi? Na mbona mtandaoni watu wengine wanasema alibebwa? — Mkimbiaji mdogo

Marahaba mdogo wangu. Hawakubadilisha kirahisi. Kukiwa zimebaki kama raundi mbili hivi Kipyegon na Gudaf Tsegay wakasukumana, kila mmoja anataka nafasi, baada ya mbio refa akaona Kipyegon kamzuia mwenzake akamuengua. Timu yake ikakata rufaa, na rufaa haisikilizwi na refa yuleyule, inaenda kwa jopo lingine ambalo lina haki ya kuangalia video zote kutoka kila upande. Jopo likaona kilichotokea hakitoshi kumnyang'anya mtu medali, akarudishiwa medali yake ya fedha, Beatrice Chebet dhahabu, Sifan Hassan shaba. Nchi yoyote ina haki hiyo ya rufaa, kwa hiyo wanaosema alibebwa waseme ni sheria gani ilivunjwa.

Ila kuna mtu mmoja usiku ule mashabiki wengi walimsahau. Nadia Battocletti wa Italia alimaliza wa nne. Kipyegon alipoenguliwa akapanda hadi shaba, Kipyegon aliporudi akashuka tena wa nne, yaani alipewa medali ya Olimpiki na kupokonywa ndani ya saa chache na yeye hakufanya kosa lolote. Unajua alifanya nini? Akarudi uwanjani tarehe 9 Agosti kwenye mita 10,000 akachukua fedha nyuma ya Chebet. Kesho yake Kipyegon naye akashinda mita 1500 kwa 3:51.29, rekodi ya Olimpiki na dhahabu yake ya tatu mfululizo kwenye mbio hiyo. Mdogo wangu na huyo Battocletti muangalie pia, anakimbia vizuri sana.

Mhariri, hivi nani hasa aliongoza Paris? Wengine wanahesabu dhahabu, wengine wanajumlisha zote, kila mtu anachagua hesabu inayompendeza. — Mpenda takwimu

Wakubwa wawili walilingana dhahabu, Marekani 40 na China 40. Marekani wakawekwa juu kwa sababu ya medali za fedha, 44 kwa 27, na kwa jumla pia walikuwa mbele, 126 kwa 91, kwa hiyo Paris hesabu zote mbili zinatoa jibu moja. Vyombo vingi duniani vinapanga kwa dhahabu kwanza, vya Marekani vinapenda jumla. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe haitoi kombe la nchi bora, Mkataba wa Olimpiki unasema wazi kwamba wanaoshindana ni wanamichezo na si nchi.

Lakini jinsi walivyolingana ndo utamu wenyewe. Mchezo wa mwisho kabisa wa Paris ulikuwa fainali ya kikapu wanawake, Marekani na wenyeji Ufaransa, ukaisha 67 kwa 66. Sekunde ya mwisho Gabby Williams wa Ufaransa akarusha mpira ukaingia, ila mguu wake ulikuwa umekanyaga mstari, ikawa pointi 2 badala ya 3. Angekuwa nyuma kidogo tu mechi inaenda muda wa nyongeza, na Ufaransa wangeshinda huko, China wanabaki peke yao juu ya jedwali. Mashabiki wa China walikuwa wanaishangilia Ufaransa kwenye kikapu, fikiria.

Kama unaniuliza mimi, jedwali linanichosha. Dominica, nchi ya watu wasiofika laki moja, ilipata medali yake ya kwanza kabisa Paris na ikawa dhahabu, Thea LaFond kwenye kuruka hatua tatu. Saint Lucia nao ya kwanza ikawa dhahabu, Julien Alfred kwenye mita 100. Letsile Tebogo akaipa Botswana dhahabu yake ya kwanza, mita 200 kwa 19.46, akaonyesha kamera kiatu chake chenye tarehe ya kuzaliwa ya mama yake aliyefariki mwezi Mei mwaka huohuo, na nchi ikapewa nusu siku ya mapumziko. Kwenye jedwali hao wote wako chini huko ambako watu hawasogezi skrini kufika.

Dada mimi naongea ukweli hata kama utauma. Mwanamichezo akibeba bendera ya nchi halafu akashindwa ovyo, mimi kama shabiki nina haki ya kumwambia. Siku hizi ukisema kitu unaambiwa unatukana. Hivi kushabikia ni kupiga makofi tu? — Shabiki mkweli

Kaka, haki ya kusema unayo na mimi sitakunyima. Sema mbinu ilikuwa mbovu, sema alianza kasi mno, sema shirikisho lilimpeleka akiwa mgonjwa, uliza hela za maandalizi zilienda wapi, hayo yote ni ushabiki tena ushabiki mzuri. Ila embu fungua komenti zako usome tena, je umeongelea mbio au umemuongelea mama yake, sura yake, rangi yake? Maana ninazozisoma mimi nyingi hazina hata neno moja la mchezo.

Eliud Kipchoge, mtu mwenye dhahabu 2 za marathoni ya Olimpiki, 2016 na ile ya 2021, alisema hadharani kwamba baada ya Kelvin Kiptum, mkimbiaji mwenzake wa marathoni, kufariki kwa ajali ya gari Februari 2024 watu mtandaoni walimhusisha yeye na kifo kile, kitu ambacho hakina ukweli wowote, na akaogopa kwa ajili ya familia yake, watoto wanaenda shule na baba hajui atawapata salama. Akaenda Paris na mzigo huo. Mgongo ukamsumbua, akaachia njiani baada ya kilomita 30 hivi, mara ya kwanza maishani mwake kutomaliza marathoni, akawagawia viatu na fulana watu waliokuwa pembeni ya barabara. Usiku uleule kuna mtu alikaa chini akamuandikia kwamba ameaibisha nchi. Mimi siwezi kuita hiyo kusema ukweli, samahani.

Na yule Jordan Chiles wa Marekani, wa jimnastiki. Kocha wake aliomba alama ziangaliwe upya, zikapanda kutoka 13.666 hadi 13.766, akapata shaba, Ana Bărbosu wa Romania ambaye alishaanza kusherehekea na bendera akaachwa pale analia. Baadae Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikasema ombi lilichelewa sekunde 4, mwisho ilikuwa dakika 1, medali ikaenda kwa Bărbosu na kesi ikapelekwa hadi mahakama kuu ya Uswisi. Wasichana wawili, hakuna aliyejipa alama mwenyewe, hakuna aliyeshika saa, na wote wawili walimiminiwa matusi na mashabiki wa upande mwingine, Chiles mengine ya ubaguzi wa rangi kabisa. Kosa lilikuwa la utaratibu wa watu wazima waliokaa mezani. Ukitaka kukasirika, na mimi nilikasirika sana, hasira inapelekwa huko mezani.

Je kelele za mashabiki zinasaidia kweli au tunajifurahisha tu? — Mpiga vuvuzela

Swali zuri! Ushahidi unaenda pande zote mbili. Tokyo ilichezwa 2021 viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, na ndani ya uwanja huo mtupu Karsten Warholm akakimbia mita 400 viunzi kwa 45.94, rekodi ya dunia. Paris uwanja umejaa kelele zipo za kutosha, akapata fedha kwa 47.06. Kwa upande mwingine kuna Léon Marchand, mwogeleaji wa Ufaransa. Kwenye staili ya chura mwogeleaji anainua kichwa kuvuta pumzi, na kila kichwa kilipotoka majini ukumbi mzima unapiga kelele moja, kinazama kimya, kinatoka kelele, akaondoka na dhahabu 4 za mtu mmoja mmoja nyumbani kwao. Sijui mtu atanishawishi vipi kwamba ile haikumsukuma.

Ila kuna pahala kelele zinaharibu. Wakimbiaji wakiinama kwenye vianzio uwanja unatakiwa unyamaze ili wausikie mlio. Na kwenye soka la wasioona la Paralimpiki mpira una njuga ndani, wachezaji wanaufuata kwa masikio, shabiki akipiga kelele anawafunga macho mara ya pili. Kule Paris uwanja ulikuwa chini ya Mnara wa Eiffel, maelfu ya watu wamejibana kimya, mpira ukiwa wavuni ndo wanalipuka. Fainali Ufaransa na Argentina 1-1, Ufaransa wakashinda kwa penalti, wakati kabla ya hapo dhahabu zote 5 za mchezo huo zilichukuliwa na Brazil. Kama hujawahi kuangalia soka hilo litafute, acha vuvuzela nyumbani.

Mtu kafungwa raundi ya kwanza, kesho namuona tena anakimbia. Mlitudanganya? — Niliyechanganyikiwa

Hapana, hiyo ni raundi ya nafasi ya pili, riadha ya Olimpiki iliianza Paris kwa mbio za mita 200 hadi 1500 pamoja na za viunzi. Ambao hawakufuzu raundi ya kwanza wanakimbia tena, wachache wanapenya nusu fainali. Mita 100 haina.

Mbona dunia nzima ilimshangilia yule dada wa Bhutan aliyemaliza marathoni wa mwisho, halafu wa kwetu akiwa wa nne tunamzomea? — Naumia tu

Umenigusa hapo. Kinzang Lhamo alimaliza kwa 3:52:59, saa moja na nusu nyuma ya Sifan Hassan aliyeshinda kwa 2:22:55, na watu walikuwa bado wako barabarani wanamsubiri, wengine wakakimbia pembeni yake. Nchi yake ilipeleka wanamichezo watatu tu. Nadhani walimshangilia kwa sababu hakuna aliyekuwa amemdai kitu, walichokiona ni mtu anakimbia amechoka na hataki kuacha. Wa kwetu tunakuwa tumeshamhesabia medali kabla hajapanda ndege, kwa hiyo akiwa wa nne duniani tunaona katuibia. Simbine na ile 9.82 yake alikuwa wa nne, angalia tena alivyokimbia.

Los Angeles nianze kuamka lini? — Mlala mapema

Ni tarehe 14 hadi 30 Julai 2028. Ila angalia ratiba vizuri, safari hii wamegeuza, riadha iko wiki ya kwanza na kuogelea ndo kunakuja nyuma, kwa hiyo ukizoea kusubiri wiki ya pili utakuta mita 100 zishakimbiwa.